Wifi Yangu Aliwafungulia Mbuzi Wakala Kazi ya Mume Wangu

Admin, naomba ufiche jina langu na la mume wangu, maana hapa Kakuma tunajuana wote na wifi yangu ana simu ya intaneti.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili. Nilimaliza kidato cha nne kwetu Lodwar, na mwishoni mwa mwaka jana nikafunga ndoa kanisani na mwanamume ninayempenda hadi naona haya kusema. Jamani, nina mume! Akinichekea tu, siku yangu yote inakuwa nzuri. Anasomea usanifu wa majengo Nairobi, mwaka wa pili, na baada ya harusi alinileta kwao Kakuma kwa likizo ndefu. Wengine huenda fungate Mombasa. Fungate yetu ilikuwa penseli, rula na katoni, na singebadilishana na mtu.

Chuo kilikuwa kimempa kazi ya likizo: achore boma la kwao, kisha atengeneze boma dogo la mfano, la kubebeka mikononi, alipeleke chuo kikifunguliwa. Tulinunua katoni tupu za mafuta ya mgao kwa mama mmoja wa Sudan Kusini anayeuza kwenye kambi ya wakimbizi, na mume wangu akaanza kunifundisha ili nimsaidie.

"Usiikandamize penseli, mpenzi. Izungushe polepole kwenye vidole ukiivuta, mstari utabaki mwembamba."

Akanishika mkono kunionyesha, na mstari ukaenda kombo kwa sababu ninazozijua mimi. Kwenye kukata akanifundisha kupitisha wembe mara nyingi kwa mkono mwepesi. Nilizipenda siku zile kupita kiasi.

Sasa nimseme huyo nyoka. Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Aliachana na mumewe akarudi kwa mama yake, na tangu nifike amenichukia waziwazi. Kwetu Waturkana nyumba hujengwa na wanawake. Mwanamume akionekana anafunga fito anachekwa. Tena mimi, bibi harusi, nilitakiwa kujenga nyumba yangu katika boma la mama mkwe, na nilikuwa nimesimamisha fito tu, paa bado. Basi wifi alipomkuta ndugu yake amekaa chini anafunga vijiti kwa uzi, na mimi nimeshika gundi, akapiga makofi kuita majirani.

"Njooni muone! Tulipeleka mwanamume Nairobi, wameturudishia mwanamke!" Akanigeukia. "Na wewe msichana wa Lodwar, nyumba yako haina paa, unamjengea mjusi?"

Mama mkwe naye akauangalia mchoro wa nyumba yake kama inavyoonekana kutoka juu. "Hii ni nini, mwanangu? Sufuria?"

"Ni nyumba yako, mama."

"Wewe umeiona lini kutoka huko? Umekuwa tai?" Akaondoka akicheka. Yeye sikumchukia, kicheko chake hakikuwa na sumu.

Gundi ya dukani iliisha kabla ya paa. Nikapika uji mzito wa unga wa ngano, tukabandikia, na juu tukaezeka majani laini ya mti wa mkoma. Lilipendeza hadi nikalia. Tukaliweka nyumbani kwa mama mkwe likauke, nikafunga mlango kwa kamba mwenyewe. Mume wangu akaenda kuulizia basi, mama mkwe na majirani wakaenda kwenye mkutano wa kampeni, mimi nikaenda kuchota maji. Alibaki wifi peke yake.

Niliporudi mlango ulikuwa wazi na kamba imewekwa kando, imekunjwa vizuri. Mbuzi walikuwa ndani wanatafuna paa, kuta, kila kitu. Na wifi? Amekaa kivulini karibu na mlango, miguu ameinyoosha, anatunga shanga, anawatazama.

"Dada, kwa nini umefungua?" nikapiga kelele.

"Mimi? Waulize mbuzi. Mmewapikia, wamekula."

Mume wangu alirudi akaokota kipande cha sakafu chenye alama za meno, akakipangusa vumbi, akakitia mfukoni. Kwa kile kipande sitamsamehe yule mwanamke. Michoro ilipona kwa kuwa ilikuwa chini ya godoro. Chuo kilipofunguliwa akarudi Nairobi, mwalimu wake akaipokea, lakini akasema bila boma la mfano haingii mwaka wa tatu. Amempa nafasi moja, alitengeneze upya likizo fupi ijayo.

Anakuja mwezi ujao, na anahitaji nyumba ya kuliweka. Nyumba yangu bado haina paa, kwa sababu katika boma hili fundo la kwanza la paa la bibi harusi hufungwa na dada wa mume. Juzi wifi alikuja na wanawake wamebeba majani.

"Ejok, bibi harusi," akanisalimu kwa Kiturkana. "Sogea nifunge." Anatabasamu!

Nikasimama mlangoni. "Sema kwanza mbele ya hawa kwamba ni wewe uliyefungulia mbuzi, uombe msamaha."

Akatema mate. "Niombe msamaha kwa sababu ya makatoni?"

Wanawake wakatua majani wakaondoka. Mama mkwe akaniambia, "Asipofunga yeye, wewe bado ni mgeni hapa. Rudi kwenu Lodwar."

Nikampigia mume wangu. "Mwache afunge, mpenzi," akasema. "Mimi nataka paa tu." Kwa sauti ile nusura nikubali.

Lakini kwa desturi atakayefunga lile fundo ataingia nyumbani kwangu apendavyo, na humo ndimo boma jipya litakaukia. Nikikataa, nafukuzwa, na mume wangu anakosa mwaka wake. Wenye ndoa zenu, nishaurini, nifanye nini? Mtu asiniambie nimpende, hilo siwezi. Jibuni upesi. Majani ya paa langu yako nje, na tangu asubuhi mbuzi wake wameanza kuyaonja.