Koki za Vyumba Vinne

Mama mwenye nyumba ile ya nyuma ya soko la Biharamulo hufungua koki zote kila asubuhi, hata za vyumba vinne alivyowajengea wanawe. Koki isiyotumika hushika kutu. Mimi fundi wake ndiye niliyemwambia. Huzifungua kwa vidole vilivyopinda kwa jembe, huyasikiliza maji, kisha hufunga polepole kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Juzi bomba la vyumba hivyo lilipasuka. “Mama, tukate tu maji ya huku,” nilimshauri. “Hakuna anayelala humu.”

“Wanangu wakija watanawa wapi, fundi?”

Nikabadilisha bomba. Nilipotaka kunawa tope, nikashika sabuni iliyokuwa kwenye sinki. Ilikuwa bado ndani ya karatasi yake, maandishi yamefifia.

“Hiyo iache, baba,” alisema. “Ni ya mwanangu Irambona.”