Nilimwachia Mama Mkwe Lawama za Pawa Saplai Yangu

Nimekosa, jamani, na msinitetee! Mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba yangu hapa Kaaga si wangu kwa haki, na kila akilia najua ananisema mimi.

Mimi ni mwalimu, lakini jioni hutengeneza redio kwa kujifurahisha. Nikatafuta pawa saplai, kile kisanduku cha mezani cha kuipa redio umeme bila betri, kwa volti unazotaka. Muuzaji akanionyesha mbili.

"Madam, chukua hii kubwa," akasema. "Iko na lock. Hata mtu akizungusha nobu, volti haziongezeki. Na redio ikishoti, waya zikigusana, hii inajizima yenyewe."

Nikapenda ile ndogo isiyo na lock, nikainunua! Iliingia kwenye mkoba, na namba zake ziliwaka buluu ya kupendeza.

Nikaenda nayo Ishiara kwa mama mkwe, kuringa. Redio yake ilikuwa imenyamaza, na yeye asiposikia matangazo ya vifo siku haijaanza. Nikaifungua, nikaunga waya uliokatika, nikawasha kwa volti sita. Ikaongea! Mama akapiga vigelegele. Nikatoka kumwita mume wangu aje aone ufundi.

Sikumwonya mama asiguse kitu. Nobu ya sauti nilikuwa nimeing'oa, basi yeye, aliyetaka kusikia vizuri ni nani amekufa, akashika nobu aliyoiona. Ile ya pawa saplai. Akazungusha mpaka mwisho.

Pu! Moshi! Redio ikaungua, na kisanduku changu kikafuata.

Nilimkuta amejishika kichwa. "Mwari wakwa, binti yangu, nisamehe! Nimekuharibia mashine. Hii mikono ya jembe haifai kushika vitu za watu wamesoma."

Hapo ndipo ningesema kosa ni langu, kwamba niliambiwa dukani nikaziba masikio. Lakini nilikuwa nimejigamba mno, na mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Si neno, Mama. Nimekusamehe."

Nimemsamehe! Mimi!

Wiki haikuisha, mbuzi akaletwa, jike mwenye mimba, fidia ya mashine. Nikampokea kwa mikono miwili, aibu sina.

Tulimnunulia mama redio mpya, lakini hataki kugusa nobu ya sauti. Husubiri jirani apite amwongezee sauti. Asipopita mtu, hukaa ameibandika sikioni. Hilo linaniuma sana. Mwanamke anayeangusha beberu kwa mikono yake anaogopa redio, kwa sababu yangu.

Ndugu zangu, ukinunua pawa saplai, usichague rangi. Chagua ile inayojifunga na kujizima. Na ukikosa, sema papo hapo, moshi ukiwa bado ndani ya nyumba. Mimi nilijiambia nitasema mbuzi akifika. Alipofika, nikasema acha kwanza azae.

Jana amezaa mapacha. Mama akasikia, akapiga simu, sauti ya upole kabisa.

"Mwari wakwa, sasa wako watatu. Wametosha kulipa mashine, ama niongeze mwingine?"