Afande Alipopanda Nyuma Yangu

Kisa hiki kimenigharimu nauli ya shilingi mia mbili, pamoja na pikipiki inayonilisha. Nimehesabu mara mbili.

Pale Bumala, afande wa trafiki alinipandia nyuma akasema, "Twende stesheni ya Busia." Huku kwetu mtu wa boda hukamatwa hivyo: unajipeleka mwenyewe.

Njiani nikauliza, "Afande, kwani sheria inakuruhusu kunikamata kwa kukosa kioo cha pembeni?"

"Kioo tu? Hapo nakuandikia notisi, unaenda kortini siku yako."

Nikaona bei ya kosa langu imeshuka. "Na kama bima iliisha mwezi jana?"



Kituoni alishuka, akatoa pochi. "Ni ngapi, boss? Mimi nilikuwa abiria tu. Lakini hiyo bima, hebu niione."

Pochi ilirudi mfukoni kabla ya kunilipa, na pikipiki imebaki huko. Nishaurini: nauli yangu niidai sasa, ama baada ya korti?