Ijumaa za Arua na Haboba

Sisi tuliokulia Koboko, baada ya wazee wetu kurudi kutoka uhamishoni, tulijua mji mmoja tu duniani, nao ni Arua. Kampala tuliisikia redioni. Arua ndiyo ilikuwa na lami, hata kama lami yenyewe ilikuwa mashimo matupu. Ndiyo ilikuwa na soda baridi na uwanja wa ndege. Mtoto wa kijijini kwetu Ludara akifika Arua mara moja, alirudi anatembea kwa maringo, na wenzake wakamfuata nyuma kutaka habari. Na mimi, jamani, nilikuwa nafika karibu kila mwezi! Nilikuwa siambiliki.

Nilikwenda na bibi yangu mzaa mama, Hawa. Sisi Wanubi bibi tunamwita haboba, basi kwangu alikuwa Haboba tu. Alikuwa mwembamba, mkali, na mikono yake haikujua kupumzika. Alisuka kawa za kufunikia chakula, zile za rangi nyekundu na njano ambazo ukiziona mezani unajua humu ndani kuna Mnubi. Siku ya safari aliniamsha kabla ya adhana, akanisugua magoti kwa dodoki mpaka nikalia, kisha akanipaka mafuta ya simsim. "Watu ya Arua wasiseme Koboko hakuna sabuni," alikuwa anasema. Halafu tunapanda juu ya lori la tumbaku, na tukishuka Arua tuko wekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi kucha. Magoti yangu yaliteswa bure.

Tulikuwa na mzunguko wetu, na haukubadilika hata siku moja. Kwanza baraza la mafundi cherehani. Mafundi walikaa mstari mmoja, mashine zinalia zote pamoja, na fundi mzee wa mwisho alinipa vipande vya vitambaa nikashonee wanasesere wangu. Halafu msikitini. Haboba alisali, kisha akasimama karibu na mlango wa wanawake mpaka mtu wa mwisho atoke. Kutoka hapo sokoni, kwenye samaki wakavu, ambao harufu yao ilishika kwenye gauni langu nami nikakataa gauni lisifuliwe, maana hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Arua.

Kisha tunapanda Mvara. Hapo mpaka leo nacheka. Mwanamke Mwislamu, ametoka kusali Ijumaa, anakwenda kukaa pembeni mwa njia ya misheni! Tulikaa kwenye jiwe, wanafunzi wanapita na sare zao safi, na kanisani kwaya inafanya mazoezi. Niliwatamani wale wasichana wenye soksi nyeupe, acha tu. Nyimbo zao nilizishika zote, nikazileta Ludara, nikamwimbia mwalimu wetu wa madrasa. Kilichonipata nadhani mnakijua.

Mwisho wa mzunguko ulikuwa kibanda cha chai cha Mama Candiru, pale malori ya Koboko yalipokuwa yanasimama. Alikuwa Mlugbara mnene, mwenye kicheko cha kusikika barabara nzima. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kuwasha koo, na mandazi yake, wallahi, sijakula tena mfano wake. Mimi nakula, Haboba anaangalia watu. Kila mwanamke aliyepita na nguo ya Kinubi, Haboba alinyanyuka kidogo kwenye benchi, kisha akakaa.

"Mama Hawa, leo ulionana na mutu yako?" Mama Candiru alikuwa anamuuliza.

"Bado."

Nilidhani ni mteja wa kawa. Nilidhani Haboba anapenda zile sehemu kama nilivyozipenda mimi, kwa utamu wake. Siku moja nikamuuliza mama kwa nini Haboba hapunguzi safari hizi wakati mgongo unamuuma, na mama akaacha kupepeta simsim akanieleza.

Haboba alikuwa na dada mmoja tu, Zamzam. Walizaliwa Arua, wakakulia Arua. Utotoni walikuwa wanauza karanga kwa wanafunzi, pale pale kwenye jiwe la Mvara. Walipoolewa waliletwa Koboko wote wawili. Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipofika, kila mtu akabeba anachoweza. Mume wa Zamzam alikuwa askari, akataka kukimbilia Sudan. Babu yangu akasema Zaire. Pale njia zilipoachana hapakuwa na muda wa kuagana vizuri, watu walikuwa wanasukumana, watoto wanalia. Zamzam akapiga kelele, "Hawa, tutaonana Arua!" Haboba akajibu, "Arua!" Basi, kila mmoja akashika njia yake.

Arua! Arua nzima! Hakuna aliyesema Arua wapi, wala siku gani. Kwao Arua ilikuwa nyumbani, na nani anapanga na dada yake mahali pa kukutana nyumbani kwao? Watu wote waliporudi, Zamzam hakuonekana. Waliotoka Sudan hawakuwa na habari zake. Wajomba zangu walishamfanyia dua ya marehemu, lakini Haboba siku hiyo alikwenda shambani, hakuhudhuria. Basi akawa anazunguka kila mahali walipopapenda wawili, na kila kituo aliacha kawa bure, haiuzi. Kwa fundi moja, sokoni moja, kwa Mama Candiru moja. Kila kawa ilikuwa na ukingo mweusi, na mwisho wa ukingo mshono mmoja wa kijani. Mama yao ndiye aliyewafundisha kumalizia hivyo, na hakuna mwingine aliyesuka namna ile.

Vijana wa leo mtatuonea huruma, najua. Binti yangu akikosa jibu la ujumbe kabla chai haijapoa, anasema ameachwa. Mtu akimwambia tukutane mjini, anadai atumiwe ramani kwenye simu, na bado anapotea! Haboba alingoja miaka, na kila Ijumaa aliyokwenda alivaa nguo yake nzuri.

Nilikuwa darasa la tano siku tuliposhuka kwenye lori tukamkuta Mama Candiru katikati ya barabara, anapunga mikono, hacheki.

"Mama Hawa, kuja! Mutu moja iko ndani. Aliona ile kawa yako. Aliuliza, 'Hii kitu nani alifanya?' Nikasema mama moja ya Koboko, iko nakuja siku ya Jumaa. Sasa anakataa kutoka. Tangu juzi nalala naye!"

Vita vya Sudan vilikuwa vimewarudisha watu, na Zamzam alikuwa mmojawapo. Alikuwa amekaa chini, kawa iko mapajani, kidole kiko juu ya ule mshono wa kijani. Alikuwa amezeeka kuliko Haboba. Haboba alisimama mlangoni akamwangalia, kisha akasema kwa ukali wake ule ule, "Umechelewa." Halafu akaanguka kwenye shingo yake, wakalia kwa sauti, na Mama Candiru akalia, na madereva wa malori wakavua kofia. Mimi niliangalia mandazi. Siku ile sikupewa hata moja, na hatukwenda Mvara.

Zamzam tulirudi naye Ludara. Mbuzi alichinjwa, wajomba wakaona aibu na dua yao. Mwezi uliofuata nikasugua magoti yangu mwenyewe, nikajipaka mafuta, nikakaa mlangoni. Haboba na dada yake walikuwa uani wanasuka, wanacheka kama wasichana.

"Haboba, Arua lini?"

Alinishangaa kweli. "Arua nitafuata nini?"

Nililia nyuma ya jiko mpaka jioni. Nyumba nzima ina furaha, mimi nimenyang'anywa mji wangu. Na kweli hakwenda tena mpaka anafariki. Zamzam alimfuata mwaka huo huo.

Sasa Arua nafika mwenyewe nikitaka. Baraza la mafundi limekuwa maduka ya simu. Kwenye njia ya Mvara bodaboda wanakupigia honi ukikaa, na lile jiwe silioni. Kibanda cha chai kipo, anauza binti yake Mama Candiru, na kawa ya Haboba bado inafunika mandazi, rangi zimekwisha, ukingo umefumuka. Nakunywa chai taratibu. Anapita mwanamke mwembamba na nguo ya Kinubi, najikuta nimenyanyuka kidogo kwenye benchi.

"Mama, iko mutu unangoja?" binti ananiuliza.

"Hakuna," namjibu, na nakaa.