Shujaa Aliyembeba Baba Mkwe

Juzi nilikuwa steshenari moja ya mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, nasubiri kutoa kopi. Mbele yangu binti mmoja alikuwa anabana kwa stepla kitabu cha katuni alichochora mwenyewe. Shujaa wake ni mke wa mtu, anaruka juu ya mashamba ya chai na kurusha radi kwa macho.

Mama mmoja aliyetoka zamu kwenye kiwanda cha chai akaomba akione. Kuruka hakukumsumbua. Radi aliipitia tu. Alipofika ukurasa wa mafuriko, akakifunga.

"Wewe! Amembeba baba mkwe wake mgongoni?"

"Mzee alikuwa anazama, mama."

"Kwetu Unyakyusa mwanamke hatazamani na baba mkwe hata njiani. Huyu anambeba!"

"Sasa angefanyaje?"

"Angeita jirani."

Binti akatoa kalamu, akaanza kuufuta ukurasa ule kwa mistari, machozi yakimlengalenga.

Mara mama akatupa jicho nje. Mzee mwenye mwavuli alikuwa anavuka barabara kuja dukani. Sikuona mama alivyoondoka. Niliona ncha ya kanga tu, ikiishilia nyuma ya mashine ya kopi. Mzee akanunua bahasha, akaenda zake.

"Baba mkwe?" binti akauliza.

"Ameshaenda?" mashine ikajibu.

Na bado kuna wahakiki wanaolalamika kwamba mashujaa wa katuni zetu hawana nguvu za kwetu.

Binti akafungua ukurasa mweupe. "Mama, usitoke kwanza. Nakuchora."