Upande Uliosuguliwa

Bibi Kou Yuzhen alikuwa na miaka sabini na minne na hakuwa mtu wa kuogopa mtu. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemwogopa yeye. Hata mbwa wa jirani, aliyekwisha kurarua suruali za watu watatu, akimwona Bibi Yuzhen alifyata mkia na kujifanya ana shughuli kwingine. Ila lilikuwapo jengo moja mjini, mwendo wa saa moja kwa basi, ambalo alilikwepa kwa miaka hamsini. Lilikuwa ni makumbusho ya vyombo vya kale vya shaba.

Sababu yenyewe kijiji kizima kiliijua. Mwaka wa sabini na nne mumewe alikuwa akichimba udongo ukingoni mwa korongo, apate wa kukandika zizi la nguruwe, jembe likagonga kitu. Kikatoka chombo kizito cha masikio mawili, kimeota kutu ya kijani, na ndani kina maandishi ya kale ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Nyumba yao ilikuwa changa, vyombo vya kuhesabu vidoleni. Yuzhen akakitia mawele, akakifunika kwa kibao, na tangu siku hiyo panya wakala hasara. Kikakaa jikoni miezi minane.

Kisha wakasikia kwamba vitu vya namna ile ni mali ya nchi. Mumewe, mtu mnyoofu kama rula, akaenda kuripoti, akaambiwa kesho yake mtaalamu kutoka wilayani atakuja kukichukua. Yuzhen akakitazama chombo kile, masizi huku, mavi ya kuku kule, akaona haya. Watu wa bonde lile hawampi mgeni hata kijiko bila kukiosha, sembuse serikali! Akachukua gunzi la hindi na majivu ya jikoni, akakaa kizingitini, akasugua mpaka mabega yakamwaka moto.

Mtaalamu alipofika akashika kichwa kwa mikono miwili. "Umefanya nini, dada? Kutu hii ina miaka elfu tatu! Umeikosea nchi nzima!" Akawaachia cheti cha shukrani na beseni la bati, akaondoka na chombo kimeviringishwa kwenye mfarishi. Beseni lilitoboka zamani. Lile neno halikutoboka, na ndilo neno pekee duniani ambalo Yuzhen hakulipatia jibu.

Mwaka huu, walipotoka kufagia kaburi la mumewe, alimgeukia mkazamwana wake, Qiaoyun. "Kesho tunakwenda mjini. Nataka nikaone nilichokiharibu. Kama kweli nimekiharibu, nikubali nikiwa hai, si kuja kusemwa nikiwa kaburini."

"Mama, magoti yako yataweza ngazi?"

"Magoti hayakualikwa. Nakwenda mimi."

Basi wakaenda, na mikate ya mvuke miwili kwenye mfuko wa koti, maana Bibi Yuzhen hakuamini chakula cha mjini. Akapita mbele ya mitungi ya pombe na vyungu vya miguu mitatu bila kuvitupia jicho. Kwenye chumba cha tatu akasimama ghafla. Kilikuwa ndani ya kioo, chini ya taa, masikio yake yaleyale mawili. Upande mmoja wa kijani tupu. Upande wa pili ulikuwa umeng'aa rangi ya asali, kuanzia mdomoni mpaka kitakoni. Akashika mkono wa Qiaoyun.

Hapo likaingia kundi la watalii nyuma ya msichana mmoja aliyevaa kipaza sauti shavuni. Kwenye beji yake palikuwa na jina Miao. Alieleza vizuri, kwa sauti ya kupendeza. "Na tazameni upande huu unaong'aa," akasema. "Inasadikika ni mikono ya watu wa ukoo wa kifalme, iliyokuwa ikikigusa chombo hiki kwa heshima kila penye ibada, kizazi hadi kizazi."

Watu wakaguna kwa mshangao. Qiaoyun akamfinya mama mkwe wake. "Umesikia, Mama?" akanong'ona. "Umesalimika! Kumbe ni wafalme. Nyamaza hivyohivyo, twende tukale tambi."

Na ilikuwa njia rahisi kweli. Angenyamaza tu, ile aibu ya miaka hamsini ingebebwa na wafalme, nao wala wasingelalamika. Bibi Yuzhen akaufikiria msamaha ule, akaona si saizi yake.

"Mjukuu wangu," akapaza sauti, "hao wafalme wako hawajui hata gunzi linashikwaje. Huo upande niliusugua mimi."

Kicheko kikalipuka. Miao akawa mwekundu mpaka masikioni. "Bibi, samahani, uliusugua... lini?"

"Sabini na nne. Kwa gunzi na majivu. Kilikuwa kwangu jikoni, nimetia mawele. Waliponiambia kinakwenda serikalini nikakiosha, ningekitoa vile, nisemwe mimi ni mchafu? Bwana mmoja akaja akaniambia nimeikosea nchi. Nimekuja nitazame kosa langu. Nalo ndilo hilo, naliona. Sasa kabla sijaenda nisomee hayo maandishi ya ndani. Yule bwana hakunisomea."

Watu walikuwa wameacha kucheka. Miao akasogea karibu na kioo. "Mwenye chombo anasema alikitengeneza kwa ajili ya mama yake, Bibi. Cha kuwekea mawele yaliyopikwa. Halafu anamalizia: watoto na wajukuu wakitunze na wakitumie milele."

"Rudia hapo mwisho."

"Wakitumie milele."

Bibi Yuzhen akakisogelea kioo. Machozi yakamlenga, akayaacha, hakuwa na haja ya kumficha mtu. "Mawele," akasema. "Qiaoyun, umesikia? Mawele!"

Mzee mmoja wa lile kundi akauliza kwa adabu mbona basi alisugua upande mmoja tu.

"Ng'ombe alianza kuzaa," akajibu. "Niliporudi, bwana wa wilaya alikuwa mlangoni."

Miao akatoa kalamu na kidaftari. "Bibi, nipe jina lako kamili. Kuanzia kesho sitawataja tena wafalme. Niseme nini juu ya upande huu?"

Bibi Yuzhen akamtajia jina lake, polepole, apate kuliandika sawasawa. Kisha akajinyoosha, akafunga vifungo vya koti.

"Sema mwenyewe aliagiza kitumiwe," akasema. "Na chombo kinachotumiwa huoshwa."