Koti la Kaka Halikunjiki

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu naomba libaki kwa mhariri. Nina miaka arobaini na tisa, ni mtunza stoo katika shamba mojawapo la ngano la serikali huku Hanang, baba wa watoto watano na kitambi kimoja. Jumatatu natumwa Dar es Salaam kufuata vipuri vya mashine za kuvunia, na nimeshindwa kuchagua koti. Chekeni kwanza, nawasubiri.

Ninayo mawili. La kwangu ni la pamba. Nikifika Babati tu limeshakunjamana. Mke wangu husema, "Baba Anna, ukishuka kwenye basi watu watadhani ulisafirishwa ndani ya gunia."

La pili ni la tetroni, la marehemu kaka yangu Paskali. Alilichagua mwenyewe: alifinya kitambaa kwenye ngumi, akaachia, kikanyooka. "Hili ndilo la safari," akasema. Alifia safarini, lori lilipopinduka. Begi lake lilirudi, na koti likatoka humo limenyooka, kama vile halikuwepo kwenye ajali. Tulipogawana nguo za marehemu, nikapewa mimi.

Mwezi uliopita nililivaa kwenda kanisani, nikapitia kwa mama yetu. Haoni vizuri, na tangu msiba ule kumbukumbu inampotea. Akanipapasa begani, uso ukachangamka. "Paskali! Umechelewa, baba." Kabla sijajibu, alikuwa ameshavuta sufuria ya makande, akala. Mama huyu tuliyekuwa tukimbembeleza kwa kijiko! Basi nikawa nalivaa kila nikienda kwake, naitikia jina la marehemu. Na kila nikiitikia, nasikia kama kuna mwingine ameitikia nyuma yangu.

Juzi akanishika mkono. "Mdogo wako yuko wapi? Yule mnene, mwenye maneno mengi. Mbona haji tena kuniona? Au amekufa, mnanificha?"

Nikamwambia yuko kazini. Makande hakuyamaliza.

Sasa nikiondoka na koti la kaka, nitakuwa nimemsafirisha Paskali tena mbele ya mama yake. Nikivaa la kwangu, nitakuwa nimemzika upya, kisha nimwachie mama msiba huo peke yake mpaka nirudi. Mke wangu anasema nimweleze ukweli. Kwake rahisi, si yeye anayepapaswa bega.

Nishaurini, ndugu zangu. Mama yangu nimuage kama nani?